Mboga za Bondeni

"Hawakuja, Adela," Yoeli aliniambia siku tulipomzika mama yake. "Msimu ule wote. Unakumbuka? Hawakuja."

Alikuwa amekaa kwenye benchi tuliloazima kanisani, sahani ya wali na maharage mapajani, kofia ameivika gotini kama mtu anayesubiri kuitwa na daktari. Alikuwa ametoka Kahama kwa basi, akapita Kibondo mbele kabisa ya duka langu la mbegu na majembe bila kujua kwamba ni langu, akafika kwao upande wa Kasulu mama yake akiwa amekwisha kuoshwa na kuvikwa. Nywele zake zilikuwa zimeota mvi na meno mawili ya mbele hayapo. Binti aliyemletea sahani ile alikuwa mwanawe, mimba aliyoiacha ikiwa bado inafichika chini ya kanga, sasa mwanamke mzima mwenye kazi yake, na hakuna aliyekuwa amemtambulisha. Kati ya maneno yote ambayo angeweza kuyasema mtu aliyepotea kiasi kile, alichagua hayo. Nilimtazama nikatafuta hasira ndani yangu, sikuipata. Nilipata tu ule mchecheto wa zamani, ule wa kutaka kusimama niende mlangoni nikasikilize barabara. "Kula," nilimwambia. "Chakula kinapoa." Nikaenda kusaidia kuosha vyombo ambavyo vilikuwa na waoshaji wa kutosha.

Tangu nirudi Kibondo sijatulia. Nahamisha mifuko ya mbegu kutoka ukuta huu kwenda ukuta ule, kesho yake nairudisha. Vijana wanaofanya kazi kambi ya wakimbizi ya Nduta huja kununua ndoo na makoleo, wananiuliza bei, nami nakuta nimewajibu kitu kingine kabisa. Binti yangu anasema ni majonzi, na kweli ni majonzi, maana mwanamke yule alikuwa mama mkwe wangu kwa mwaka mmoja na mama yangu kwa miaka yote iliyofuata. Lakini majonzi hukaa mahali pamoja. Hiki kinachonisumbua kinatembea. Kinataka kurudi kwenye mwaka ule, jikoni kule, bondeni kule, kikaangalie tena kama tulivyofanya ndivyo ilivyopasa kufanywa.

Nilikuwa na miaka ishirini nilipopelekwa kwao. Mji wao ulikaa mgongoni mwa kilima, nyumba kubwa ya bati jipya, chumba cha pembeni alicholala shemeji yangu Bukuru, na jiko la udongo lililogandamana na ukuta wa sebule. Kati ya ukuta ule na paa palikuwa na mwanya wa kupitisha mkono, moshi wa jikoni ukiingia sebuleni na maneno ya sebuleni yakiingia jikoni. Asubuhi za huku juu ni baridi. Mawese yaliganda kwenye kopo yakawa kama nta, tukayachota kwa kijiko na kuyaweka karibu na mafiga yalainike. Juu ya moto palikuwa na uchaga uliojaa mahindi ya mbegu na maharage ya mbegu, vyote vimepigwa moshi hata vikawa na rangi ya chungu. Mama Bukuru, kama kila mtu alivyomwita, alikuwa mfupi, mwepesi wa miguu, mtu asiyekaa. Alikula akiwa amechuchumaa, alisali akiwa amesimama, na Kiswahili chake alikisema kwa haraka kikiwa kimepakwa Kiha pande zote, hata siku za mwanzo nikawa najibu "ndiyo" kwa mambo ambayo sikuyaelewa.

Neno la kwanza nililolisikia likijirudia katika nyumba ile lilikuwa mboga. Mboga zinaendeleaje? Mboga zinataka palizi. Kuna mtu anaulizia mboga. Nami, bibi harusi mwenye bidii, nikachukua ungo asubuhi moja wanaume wakinywa uji, nikasema, "Mama, nishuke bondeni nikachume mboga za mchana?" Bukuru aliacha kunywa, kikombe kikiwa mdomoni. Yoeli akaangua kicheko, akajiziba kwa kiganja. Mama Bukuru hakucheka. Aliuchukua ule ungo mikononi mwangu, akautundika ukutani, akaniambia, "Za kuchuma ni sombe ya mihogo, iko nyuma ya choo. Za bondeni hazichumwi. Twende nikuonyeshe, usije ukaniulizia mbele za watu."

Tulishuka njia ya utelezi kupita migomba. Mvua za kwanza zilikuwa zimeanza na mahindi yalikuwa yamefika magotini. Alinipeleka katikati ya shamba, akapanua majani kwa mikono miwili, na pale chini nikaiona, miche ya kijani iliyokoza, majani yake yamechanwa-chanwa kama vidole vya mtu anayekataa kitu. Bangi. Nilikuwa nimeiona maishani mwangu mara moja tu, imekauka, mikononi mwa askari aliyekuja shuleni kutuonya. Nikarudi nyuma hatua, nikakanyaga mche mwingine. "Taratibu," Mama Bukuru alisema. "Hauumi." Akainama, akauinua ule mche niliokanyaga, akaushindilia udongo kwenye shina kwa kidole gumba, kama anavyofanya mtu kwa nyanya au kabichi au kitu chochote alichokipanda.

Sikurudi kwetu. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini, na jibu la kweli ni kwamba Yoeli alikuwa mume mzuri. Alinisimulia mipango yake huku akinisaidia kupukuchua mahindi, jambo ambalo wanaume wa pale hawakulifanya mbele za wenzao. Angejenga Kasulu mjini, chumba cha mbele kiwe duka, nami niketi ndani yake nimevaa viatu. Mimba ilipoanza kunitapisha, alikuwa akirudi na migebuka iliyofungwa kwenye gazeti, kwa sababu nilisema siku moja tu kwamba natamani samaki wa ziwani. Na tena sitasema uongo: ile mimea ilikuwa mizuri. Ilikuwa ikikua hata ukadhani unaisikia. Mimi na Mama Bukuru ndio tulioitunza, kwa kuwa wanaume walipanda na kuuza, katikati ya hayo mawili wakawa na shughuli. Tulipalilia. Tuling'oa iliyosongamana. Mvua ilipozidi tulichimba mifereji maji yasituame kwenye mizizi. Mvua ilipokata kidogo katikati ya msimu, kama inavyokata huku kila mwaka, tulikesha kwa wasiwasi wa majani yaliyojikunja. Ilipofika wakati wa kutofautisha madume na majike, Mama Bukuru alipita mstari kwa mstari akiyang'oa madume na kuyatupa, akisema na nafsi yake kwa Kiha. Nilimuuliza anasema nini. "Nasema afadhali yangekuwa maharage," alijibu. "Maharage huyang'oi dume."

Tulichokosa ni utulivu. Sijui kama naweza kumweleza mtu ambaye hajaishi hivyo. Tulijua milio. Pikipiki ya mchungaji ilikohoa ikipanda mlima. Lori la mahindi lilinguruma moja kwa moja bila kubadili sauti. Lakini gari lolote tusilolijua likipunguza mwendo pale kwenye kona ya barabara, Mama Bukuru aliuachia mchi ukasimama kinuni, nami mkono ukaganda kwenye jungu. Gari likipita, mchi ukaanza tena. Mgeni akija tulimpokea uani, asiingie. Mtoto wa jirani akipotelea bondeni kutafuta mbuzi, Bukuru alimfukuza kwa matusi ambayo hayakulingana na kosa. Bukuru mwenyewe alishinda juu ya kichuguu nyuma ya nyumba, mahali pekee simu yake iliposhika mtandao, akizungumza kwa sauti ya chini na mtu wa Kahama ambaye angekuja kuchukua mzigo. Tuliuona mgongo wake tu. Tukawa tunajaribu kusoma habari kutoka kwenye mgongo ule: ukinyooka, mambo mazuri, ukiinama, leo hakuna anayeongea mezani.

Halafu mahindi yakaanza kukauka. Sikuwa nimelifikiria hilo. Miezi yote mahindi yalikuwa yameificha bangi kama baba anavyomficha mtoto ndani ya koti. Sasa majani ya mahindi yakageuka rangi ya mkeka wa zamani, yakanyauka, yakaanguka, na zile mboga, ambazo zilikuwa zimenipita kimo na kuanza kutoa maua, zikabaki wima, kijani kibichi katikati ya ukahawia. Ukisimama juu kwenye barabara uliweza kuliona bonde letu na kujiuliza ni shamba gani hilo lisilojua msimu. Na harufu. Jua likipiga baada ya mvua, harufu ilipanda kilima ikaingia ndani, ikakaa kwenye mapazia, kwenye unga, kwenye nywele zangu. Nilikwenda kanisani nimejisugua kwa ndimu, na bado nilikaa benchi la mwisho karibu na dirisha.

Ikasemekana kwamba kikosi cha askari wa kufyeka bangi kingekuja. Kila mwaka husemekana. Mwaka ule ilisemwa kwa majina ya vijiji. Jioni hiyo ninayotaka kuisimulia, jua lilikuwa bado halijazama. Mimi nilikuwa nimeshikilia sufuria kwa vitambaa viwili, Mama Bukuru akisonga ugali wa muhogo, ule mgumu unaotaka nguvu za bega. Wanaume wawili walikuwa sebuleni. Bukuru alikuwa amerudi kutoka kwa mwenyekiti wa kitongoji, na kupitia ule mwanya juu ya ukuta sauti yake ilitufikia kama yuko nasi mafigani.

"Mwenyekiti ameniuliza bonde lile ni la nani," alisema. "Anaandika wenye mashamba, ameagizwa. Nimemwambia ni la mama. Mama na mkwe wake ndio wanaolima, sisi tuko kwenye vibarua vyetu."

"Na wakija?" Yoeli aliuliza.

"Wakija watakuta bibi kizee na mwanamke mwenye mimba. Watawafanya nini? Watawapeleka Kasulu, watawahoji, watawaachia. Tukishikwa mimi na wewe, tumekwisha. Fikiria."

Nilisubiri sauti ya mume wangu. Mwiko wa Mama Bukuru ulikuwa bado unazunguka, na mimi nilikuwa nimeshikilia sufuria kwa nguvu hata vitambaa vikaanza kuungua pembeni bila mimi kujua. Yoeli alikawia. Nilimsikia akivuta kiti. Nilimsikia akikohoa. Kisha akasema, "Haya. Ila wasiambiwe."

Mama Bukuru aliuchovya mwiko kwenye maji, akaulainisha ugali, akauzungusha, akaupindua kwenye sinia ukatoka duara safi. Hakuna ugali niliowahi kuuona ukitoka vizuri kama ule. "Peleka maji ya kunawa," aliniambia. Nikapeleka. Nikammiminia Bukuru, nikammiminia Yoeli. Yoeli aliniangalia usoni, kwa upole wake uleule wa siku zote, akasema, "Asante, mama." Alikuwa ameanza kuniita mama kwa ajili ya mimba. Nilirudi jikoni nikakaa kwenye kigoda, na Mama Bukuru akanisogezea bakuli la sombe. "Kula," alisema. "Weye una mtu ndani." Yeye hakula. Aliosha mwiko, akauosha tena.

Nilidhani atasema nao. Kesho yake nilidhani atasema nao. Aliwahudumia kama kawaida, nami nikaanza kumwogopa yeye kuliko kikosi. Nilifikiri labda amekubali. Kwamba kuzeeka ndivyo kulivyo, unatolewa kafara na wanao nawe unawapakulia. Nilikunja nguo zangu kwenye mfuko, nikazikunjua. Nilikwenda mpaka kwenye kona ya barabara kutazama magari yaendayo Kibondo, nikarudi. Jumapili ile Bukuru na Yoeli waliondoka alfajiri kwenda Kibondo kukutana na mtu wa Kahama, wakubaliane lini atakuja na gari. Walisema watalala huko. Tulisimama uani kuwatazama wakipanda barabarani, manyunyu yakianza. Walipopotea kwenye kona, Mama Bukuru akafunga kanga kiunoni.

"Leo hatuendi kanisani," alisema. "Chukua panga. Mimi nabeba majembe."

Tulianzia chini, karibu na matete. Yeye alikata, mimi nilivuta. Nilidhani tutachoma, akasema moshi huonekana mpaka Kabanga. Nilidhani tutabeba, akaniuliza tutabeba kwenda wapi. Tulifanya kile ambacho kila mwanamke wa huku hufanya na majani msimu unapogeuka: tuliyalaza kwenye mfereji kati ya tuta na tuta, tukapasua tuta la zamani, tukayafukia, tukapata tuta jipya. Yale mashina magumu tuliyaburuta mpaka kwenye tope la matete, tukayakanyaga yakazama. Mvua ilikuwa inanyesha bila nguvu na bila kukoma. Utomvu ulinata vidoleni ukashika udongo, mikono ikawa myeusi kama tumevaa glavu. Nilitapika mara kwa mara, nikafuta mdomo, nikaendelea. Kila kidogo niliinua kichwa kusikiliza barabara, na Mama Bukuru, bila kuinua chake, alisema, "Acha. Leo hata wakija watatukuta tunalima."

Hakuwa sahihi, nusu ya bonde ilikuwa bado imesimama na nusu nyingine imelala wazi; wangekuja saa ile wangetukamata na ushahidi mikononi. Nilijua, naye alijua. Ndipo nikaona mtu ameshuka njia ya migomba na ndoo kichwani. Alikuwa Siwema, jirani yetu, mjane aliyechota maji kwenye chemchemi iliyoko mwisho wa bonde. Alisimama. Akaitazama mimea iliyolala, akanitazama mimi, akamtazama Mama Bukuru, ambaye alikuwa ameegemea jembe na kwa mara ya kwanza tangu nimjue alikuwa hafanyi kitu. Mtu mmoja kama yule, neno moja kwa mwenyekiti, lingetosha. Siwema aliitua ndoo, akaigeuza kifudifudi mvua isiijaze takataka, akavua kandambili zake akaziweka juu. "Jembe la tatu liko wapi?" aliuliza. Nilimpa langu, nikashika panga. Tulifanya kazi watatu mpaka mchana ukageuka, na katika muda wote huo alisema tu habari za mkwewe anayeumwa jino. Tulipofika kwenye mistari ya mwisho alinyoosha mgongo, akaosha miguu kwenye mfereji, akavaa kandambili. "Mimi nilikuja kuchota maji," alisema, akaenda kuchota maji. Hakuwahi kulizungumza tena, si kwetu wala, nijuavyo, kwa mtu yeyote.

Kesho yake tulishusha maharage ya mbegu kutoka kwenye uchaga, tukapanda bonde zima. Tulikuwa tunafukia mistari ya mwisho wanaume waliporudi. Nilimwona Yoeli kwanza, amesimama juu kwenye migomba na shati la kutokea, mikono imening'inia. Bukuru alimpita akishuka mbio, akiteleza, akaja akasimama katikati ya matuta mapya akageuka huku na huku kama mtu aliyeingia nyumba isiyo yake.

"Mama," alisema. "Mama, ziko wapi?"

"Zimelala."

"Mtu anakuja! Nimeshampa neno! Unajua umefanya nini?"

Mama Bukuru alikuwa na konzi ya mbegu. Alidondosha, akafukia kwa kisigino, akadondosha nyingine. "Si ulimwambia mwenyekiti shamba ni langu?" alisema. "Basi. Mwenye shamba amepanda maharage."

Bukuru aliinua mkono. Sijui kama alitaka kumpiga au kuutupa tu hewani, maana mkono ulibaki juu. Mama Bukuru aliutazama ule mkono kwa makini, kama anauliza ni wa nani, mpaka ukashuka. Yoeli alikuwa amepiga magoti kwenye tuta, akifukua kwa vidole. Alitoa tawi moja, maua yake yamejaa matope, akalishika bila kujua afanye nalo nini. Nilitaka aniulize kwa nini. Nilikuwa nimelitayarisha jibu usiku kucha. Lakini alinitazama, akaitazama mikono yangu, na nikaona usoni mwake kwamba amekwisha kujua tulisikia. Aliinamisha kichwa. Waliondoka kabla ya juma kwisha, Bukuru kwa kuogopa mtu wa Kahama, Yoeli kwa kuwa Bukuru ameondoka. Aliniambia anakwenda kutafuta kibarua, atarudi kwa ajili ya mtoto. Alinishika bega aliposema hivyo. Nadhani aliamini.

Na kikosi hakikuja. Hilo ndilo Yoeli alilokuja kuniambia baada ya miaka yote hii, na ni kweli. Mvua ziliendelea mpaka zikachoka, magari yalipunguza mwendo kwenye kona yakaongeza tena, na hakuna buti la askari lililokanyaga bonde letu. Nilihangaika miezi ile kuliko yote iliyotangulia. Maharage yaliota, yakatambaa, yakatoa maua meupe, nami nikayapalilia nikiwaza duka la Kasulu ambamo ningeketi, na mume ambaye angekuwa kando yangu, kama tungesubiri tu kidogo. Tumbo lilikua. Wanawake kanisani waliniuliza habari za Yoeli kwa sauti ile ya kuuliza wanachokijua. Siku moja tukichambua mawe kwenye mchele, sikuweza tena, nikamwambia Mama Bukuru, "Hawakuja. Tungevuna. Wangeuza, wangebaki."

Aliokota jiwe, akalitupa uani.

"Askari hawakuja," alisema. "Lakini weye na mimi tulikuwa tumekwisha kutolewa. Kwenye kiti kile, mle sebuleni. Nilimzaa mimi yule. Nilisikia anavuta kiti, nikasema, sasa anasimama, sasa anakataa." Akapuliza makapi. "Alikuwa anakaa vizuri."

Hakulia. Mimi ndiye niliyelia, na aliniacha nilie bila kunigusa, akaja akaniwekea sinia lake karibu na langu ili tuchambue pamoja. Hayo ya kiti ndiyo maneno ambayo ningeweza kumrudishia Yoeli pale kwenye benchi la msiba, na sikumrudishia. Alikuwa amemzika mama yake saa ile. Huenda bado yuko Kasulu, huenda amerudi Kahama. Binti yangu ameomba namba yake ya simu, nami nimempa. Ni baba yake, atamuuliza mwenyewe yanayomhusu.

Tulivuna kiangazi kilipoanza. Maharage ya njano, mazito, bonde halijawahi kutoa kama vile, na kila mtu akatuuliza tumeweka mbolea gani. Tulipata msaada wa baiskeli kupeleka gunia la kwanza mnadani Kasulu, sisi tukifuata nyuma kwa miguu, mimi nikiwa nimeshika kiuno maana mtoto alikuwa amekaribia. Tulitandika turubai juani kati ya wauza mawese na mwanamke mwenye dagaa. Nilikuwa sijawahi kuketi hadharani na kitu nilichokilima, nikiwa sijakifunika. Nilikuwa nageuza shingo kila upande. Ndipo akaja askari, kijana, sare imepigwa pasi, lafudhi si ya huku, akachutama mbele ya turubai letu akachota maharage kwa kiganja. Nilitaka kuinuka nikashindwa, tumbo lilinizuia, na nikajua kwamba hata nikiinuka sina pa kukimbilia.

Aliyamimina maharage kutoka kiganja hiki kwenda kile. Akauma moja, akasikiliza linavyovunjika.

"Maharage mazuri haya, mama," alimwambia Mama Bukuru. "Yamekauka vizuri. Mmeyalimia wapi?"

Mama Bukuru alikuwa ameketi. Miguu ameinyoosha mbele yake juani, kanga imemwanguka mabegani, mikono imelala mapajani haishiki kitu.

"Bondeni kwetu," alisema. "Siku ukipata nafasi, njoo uone."